Nani Anaachia Kwanza? Mazungumzo na Kikundi cha Kuweka na Kukopa, Mikindani

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Shikamooni wazee mliokaa huku mbele. Mwenyekiti ameniambia nina nusu saa kabla ya hesabu za hisa, na hesabu za hisa hazimsubiri mtu, kwa hiyo naingia moja kwa moja: nimekuja kuzungumzia matapeli wa biashara ya mtandaoni.

Wengi mnanijua kwa sura. Mimi ni yule wa dirisha la mizigo pale stendi. Nimekaa pale miaka saba, napokea maboksi na viroba kutoka Dar, nasoma jina, napiga simu, mwenyewe anakuja na kitambulisho anachukua. Mambo ya mtandao sikuyasomea. Ninachokijua mimi ni sura ya mtu anayeulizia mzigo ambao haupo. Siku ya kwanza anakuja basi likiingia, anauliza kwa sauti kubwa, na bodaboda kaja naye kabisa. Kesho yake anakuja peke yake, sauti imepungua. Siku ya tatu haulizi. Anasimama karibu na muuza maji, anatazama mizigo ikishushwa mpaka buti la basi linafungwa.

Sura hiyo naiona zaidi Novemba na Desemba, na sababu mnaijua. Malipo ya mnada wa korosho yameingia, mtu anataka bati, jokofu, sabufa, simu ya mtoto anayekwenda chuo. Matapeli nao wanaifuata kalenda ya korosho.

Sasa nisikilizeni. Kwenye biashara yoyote kuna hela na kuna mali. Nani anaachia kwanza? Sokoni hakuna tabu. Unamshika samaki, unamfunua shavu, ukiona wekundu unatoa hela, mkono kwa mkono. Mtandaoni mikono haikutani, na tapeli kazi yake yote ni kuhakikisha wewe ndiye unayeachia kwanza. Picha nzuri, "dada yangu kipenzi", "zimebaki mbili tu", bei ya kushangaza, hayo yote ni ya kukusogeza mpaka ufike hapo.

Na sisi wa mikoani tumewekewa kanuni inayotuumiza. Kurasa nyingi za maduka ya Kariakoo zimeandika: Dar unalipia ukipokea, mikoani malipo kwanza. Mtu wa Sinza anapelekewa hadi mlangoni, anafungua boksi, anawasha, anakagua, ndipo analipa. Sisi tulio zaidi ya kilomita 500 kutoka dukani ndio tunaoambiwa tuamini. Simlaumu muuzaji mwaminifu, maana naye anaumizwa. Wapo watu wa hapa hapa wanaoagiza mali, ikifika wanazima simu. Maboksi yao yamelala stoo kwangu wiki mbili. Lakini kanuni ile ndiyo maficho ya tapeli. Akikuambia ulipe kwanza hushtuki, kwa sababu na wale wa kweli wanasema hivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba jambo hili sisi wa kusini tumelishughulikia siku nyingi. Korosho zako hupeleki nyumbani kwa mnunuzi ukasubiri huruma yake. Unapeleka chama cha msingi, zinapimwa, zinaingia ghalani, unapewa stakabadhi. Mnada unapigwa, mnunuzi analipa, ndipo anaruhusiwa kutoa mzigo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya mwaka 2005. Tunaulalamikia mfumo huo, najua, malipo yanachelewa na makato ni mengi, na leo sikuja kuutetea. Ila angalieni umbo lake: kati ya mwenye mali na mwenye hela pamewekwa mtu wa tatu, hakuna anayeachia gizani. Kinyume chake ni kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa kificho. Kangomba anakufuata nyumbani wakati una shida ya ada, hana mizani, anataka mmalizane usiku huo huo. Ukisoma "ofa mwisho leo saa 6 usiku", mkumbuke kangomba.

Nikisema mtu wa tatu, kuna atakayesema: si wewe wa mizigo upo? Mbona muuzaji ananitumia picha ya risiti ya basi?

Nitawasimulia kisa cha mwalimu mmoja. Aliona simu kwenye mtandao, dukani inauzwa 450,000, huyu anauza 280,000. Akaambiwa, mwalimu, wewe usitume hela mpaka uone risiti ya basi. Akaona huyu mwaminifu. Risiti ikaja kwa WhatsApp, jina lake, namba ya mzigo, muhuri. Akanipigia, nikamwambia ndiyo, mzigo wako upo kwenye orodha, uko njiani. Akatuma hela. Jioni boksi likafika kweli, dogo, zito, limezungushiwa gundi ya plastiki mpaka huoni karatasi. Mwalimu akaomba kisu akafungulia palepale kaunta. Ndani kulikuwa na foronya kuukuu, ndani ya foronya gazeti, ndani ya gazeti nusu tofali la kuchoma. Vumbi jekundu likamwagikia daftari langu. Mpaka leo ukurasa ule una doa.

Nilijiona na mimi nimeshiriki kumwibia. Lakini risiti yangu haikusema uongo. Stakabadhi ya ghala inasema kilo ngapi na daraja gani, kwa sababu kuna mtu amefungua gunia akakagua. Risiti ya basi inasema "boksi moja". Konda hafungui boksi. Na huyo alitumia nauli ya boksi, wengine hata hiyo hawatumii: wanachukua picha ya risiti ya mtu mwingine wanabadilisha jina. Niliwahi kuletewa namba ya mzigo, nikaikuta kwenye orodha ni ya viatu vya mitumba vya mama mmoja wa Nanyamba.

Barabara nayo wanaitumia. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, mabasi yalikwama kweli. Nilipokea simu nyingi wiki ile, na muuzaji wa kweli na tapeli walikuwa wanatoa sababu moja. Kwa hiyo usimpime muuzaji kwa sababu za kuchelewa. Mpime kabla hujatuma.

Sasa ghala lako wewe ni nani? Ni ndugu yako wa Mbagala. Msicheke. Nani hapa hana mtu Mbagala au Temeke? Tunawakumbuka kwenye misiba na harusi tu. Mpigie, mwambie nimeona jokofu, duka linasema liko Kariakoo mtaa fulani. Nenda, waambie wachomeke umeme, sikiliza linavyounguruma, fungua mlango, kisha nipigie simu ya video. Nikiona nakutumia wewe hela, unalipa, unachukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unapeleka mwenyewe kwenye basi. Mpe nauli na ya soda. Elfu kumi hiyo ni nafuu kuliko nusu tofali.

Uzuri wake ni kwamba ukimwambia tu muuzaji kuwa kuna mtu anakuja na hela mkononi, tapeli anajitoa mwenyewe. Ghafla duka limehamishwa, yeye yuko safari China, mzigo uko stoo ya Tegeta na stoo haipokei wageni. Mwenye duka halisi anakuambia ingia mtaa huu, ghorofa ya pili, ulizia fulani.

Huna mtu kabisa? Basi angalau muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya bidhaa, akupigie simu ya video papo hapo. Picha asitume, picha zinaibwa. Na ukurasa wake ukague kama unavyokagua korosho. Amefunga komenti? Kwa nini mfanyabiashara akataze wateja wasiseme? Wafuasi laki mbili, kila picha imependwa na watu tisa? Wafuasi wananunuliwa. Instagram pia ina sehemu inayoeleza habari za akaunti, lini ilifunguliwa na kama imewahi kubadili jina. Tutaifungua baadaye.

Ukituma hela kwa simu, jina linalokuja kabla hujaweka namba ya siri lisome. Ukurasa unasema duka la vifaa vya umeme, jina linakuja la mtu binafsi, ukiuliza unaambiwa "ni mhasibu wetu". Simama hapo. Tumesajili laini kwa alama za vidole tangu 2019, ni kweli, lakini laini ya tapeli mara nyingi imesajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua lolote. Yule kijana wa kusajili laini mtaani aliyekuambia "mama rudia, kidole hakijasoma", pengine kilisoma. Wote mliopo piga *106# leo, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe.

Akina mama mnaouza korosho za kubangua kwa WhatsApp, ninyi mnapigwa kwa upande wa pili. Mteja anaagiza kilo tano, anakutumia ujumbe wa muamala, "umepokea", na salio jipya limeandikwa. Boda wake yuko nje anapiga honi. Wewe unasoma ujumbe, unampa mzigo. Ujumbe ni maneno, mtu yeyote anaweza kuandika maneno. Fungua salio lako mwenyewe, *150*00# au ya mtandao wako, ulitazame. Boda apige honi mpaka betri iishe.

Ndugu wa yule ni anayesema amekutumia kwa makosa, umrudishie. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndio wanaorudisha muamala. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mnaujua, sipotezi muda, ingawa mwaka jana ulimpata mtu aliyekuwa anamsubiri fundi amtumie namba kwelikweli.

Ukishalizwa, aibu isikufunge mdomo. Wengi wananiambia mimi baada ya wiki, wakati mimi siwezi kitu. Dakika ile ile piga 100, huduma kwa wateja, eleza muamala wako. Kama hela bado iko kwenye simu ya tapeli kuna uwezekano wa kuizuia. Akishaitoa kwa wakala ni vigumu. Usifute mazungumzo, hata kama yanakuuma kuyasoma. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, nenda polisi upewe RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kosa hili limo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, usikubali kuambiwa ni mambo yenu ya madeni. Halafu jihadhari na simu itakayofuata, ya mtu anayejidai huduma kwa wateja, anataka namba ya siri ili "akurudishie hela yako". Mitandao inakupigia kwa 100, si kwa namba ya kawaida.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dada mwenye kitenge cha njano, kabla hatujaanza ulinionyesha ukurasa wa majokofu. Lete simu. Bonyeza jina la akaunti, hapo juu. Soma kwa sauti. Umefunguliwa Septemba mwaka huu. Umebadili jina mara tatu. Na juu umeandikwa nini? "Tunawahudumia tangu 2014." Mwenyekiti usicheke, dada anasema wewe ndiye uliyemtumia huu ukurasa.

Haya, mpigie muuzaji, weka spika. Mwambie mdogo wako yuko Mbagala, anakuja sasa hivi na hela taslimu, duka liko mtaa gani.

(Simu iliita mara nne, ikapokelewa. Dada akaeleza. Upande wa pili kukawa kimya, kisha ikakatika.)

Piga tena.

(Namba haikupatikana.)

Haya mwenyekiti, hesabu za hisa.