Usitupe Mche Mbaya

Nimelisema hili kila nilipopewa nafasi, na leo nalirudia kwa sababu miche bado inatupwa. Mtu anachukua airisi, ua la bustani, ya aina ya plikata, ile nyeupe yenye nukta za zambarau kingoni, anaichavusha na airisi ya rangi moja. Anangoja miaka miwili, mitatu. Maua yanachanua, hakuna hata moja lenye nukta. Anang'oa kitalu kizima! Jamani, plikata yenu imo humo humo mnamong'oa.

Airisi ndefu zenye ndevu, yaani manyoya kwenye petali za chini, karibu zote zina kromosomu 48, yaani seti nne. Nakshi ya plikata haijitokezi mpaka jeni zote nne ziwe zake. Mzazi wa pili asipokuwa nayo kabisa, kila mtoto hubeba mbili, zimejificha. Chavusheni ndugu kwa ndugu, mtarajie mmoja kati ya 36. Utaniambia uliotesha 20 ukakosa. Kwa 20 ulitegemea nini? Otesha 100.

Mtauliza: kwa nini nilishe ua baya miaka yote hiyo? Mtazameni Paul Cook, kule Indiana, Marekani. Alikutanisha Iris reichenbachii, airisi fupi ya porini, na airisi ndefu ya buluu. Akapata mche wenye ua dogo, lisilo na mvuto: petali za juu zimepauka, za chini zina rangi. Wengi wetu tungepita tu. Cook alisimama akajiuliza, rangi ya juu imekwenda wapi? Mche ule ulikuwa na jeni inayozuia buluu na zambarau kwenye petali za juu peke yake, tena haihitaji kuwa nne ndipo ionekane. Airisi za zamani zenye juu peupe zilipochavushwa na nyingine, sifa hiyo ilijificha kwa watoto, na mbegu zake zilikuwa kaidi kuota. Akauita mche huo Progenitor, akauzalisha na airisi kubwa, kizazi baada ya kizazi, hadi airisi aliyoiita Whole Cloth, ya mwaka 1958: juu nyeupe, chini buluu. Mwaka 1962 ikapata Medali ya Dykes, tuzo kuu ya airisi. Ukoo mzima umetoka kwenye ua ambalo ninyi mngelitupa!

Rangi ya waridi nayo hufuata hesabu ya jeni nne. Sina muda wa kuieleza. Mnapochavusha, ondoeni stameni kabla nyuki hawajafika, mpake chavua kwenye mdomo wa stigma ua likifunguka tu. Na kibandiko kiandikwe siku hiyo hiyo, kwa penseli: mama kwanza, kisha baba.