Chupa Iliyokunjamana Mombasa

Wazazi wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kunialika. Nimekuja na chupa hii tupu ya maji, na nawaomba muiangalie vizuri kabla sijaanza. Imenyooka, haina bonyeo. Jumamosi moja ya Agosti chupa hii hii ilikuwa imekunjamana kama uso wa ajuza, na garini mwetu hakuna aliyeikalia wala kuikanyaga. Nitaifikia.

Kutoka hapa Nairobi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 480, na wengi wetu tunazikata kama watu wanaofukuzwa. Tunatoka saa kumi alfajiri, watoto wamelala nyuma, wanaamshwa Mariakani na kuambiwa wamekaribia. Mimi nasema hapo mtoto amenyimwa kitu. Safari hii tuliondoka kumekucha, tukakubaliana kwamba yeyote akisema "simama", tutasimama, mradi pawe pahali salama pa kuegesha.

Hata Mlolongo hatujaupita, kifungua mimba wetu akayaona malori yamefuatana, akacheka peke yake: "Kumbe jina la mji ni foleni!" Mbele ya Emali tukapitwa na basi lililobeba kochi juu ya keria, na juu ya kochi tenga la jogoo. Jogoo ametoa kichwa, kifua mbele, kama mheshimiwa anayesalimia wananchi. Watoto walimpungia mikono mpaka basi likapotea.

Makindu ndiko tulikokaa zaidi. Pale pana hekalu la Masingasinga, la mwaka 1926, na msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa chakula bila malipo. Mnavua viatu, mnafunika kichwa, mnaketi. Tuliletewa dengu, chapati na chai ya maziwa. Kitinda mimba, ambaye amezoea kuniona nikihesabu noti hotelini, akaninong'oneza, "Mama, tunalipa wapi?" Mzee aliyekuwa akigawa chakula alimsikia. Hakumjibu, alimwongezea chapati. Mama mkwe wangu, aliyekuwa kimya tangu Sultan Hamud, akasema, "Hawa wanamjua mgeni." Baadaye nikamtafuta mwanangu wa pili nisimwone. Nilimkuta kwenye karo, mikono imejaa povu, anasuuza sahani pamoja na watu asiowajua. Mtoto huyo nyumbani namwita mara tatu aondoe kikombe chake mezani! Alikuwa ameambiwa kwamba hapo kuhudumu ni sehemu ya ibada, naye akakunja mikono ya shati. Wazazi, mimi sikuwa na hotuba ya kuishinda ile karo.

Baada ya Mtito Andei, mibuyu imeshaanza kujitokeza, tukawaona ndovu wanne mbali kidogo na barabara, wekundu kabisa. "Nani amewapaka rangi?" Ni udongo wa Tsavo, wanajirushia na kujigaragaza humo. Watoto wakaona pia mianya mipana chini ya tuta la reli ya SGR, iliyoachwa ili wanyama wavuke, na mabishano kuhusu ndovu anavyoijua njia yake yakatufikisha Voi.

Sasa chupa. Tulipokuwa tunatoka Nairobi, kitinda mimba alimaliza maji yake, akakaza kizibo na kuitupa miguuni. Tulipofika Mombasa akainyanyua kwa uchungu: "Nani ameniharibia chupa yangu?" Tukawahoji wote, hata nyanya yao. Kisha baba yao akaegesha, akawaeleza. Nairobi tuko juu ya bahari mita 1,700 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi. Hewa hiyo ndiyo iliyofungiwa ndani. Kadiri tulivyoteremka, hewa ya nje ilizidi kuwa nzito, ikaibana chupa pande zote. Mtoto akauliza, "Je, tukirudi?" Baba yake akasema, "Usiifungue. Tutaona."

Aliilinda wiki nzima. Alilala nayo, akamkataza binamu yake kuigusa. Siku ya kurudi aliipakata njia yote, haangalii ndovu wala jogoo. Tulipokuwa tunapanda kule Salama, wengine wote wamechoka na kunyamaza, ikasikika mapajani mwake: tak! Ubavu mmoja umenyooka. Akapiga kelele, "Simama! Baba, simama!"

Tukasimama.