Aliyeruhusiwa Kuondoka Kimya Kimya

Ndugu zangu, wanaohudhuria mihadhara hii ya wizi wa dawa hospitalini kila mara wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwa yule fundi wa maabara ya moyo kule Marekani. Ukiona mwenzako anapepesa macho, mwambie avumilie. Kisa hiki sijakimaliza na sidhani nitakimaliza leo.

Alikuwa mfanyakazi wa mkataba, mtu wa kuletwa na wakala wa ajira, miezi mitatu hapa, miezi mitatu kule. Mwaka 2008, katika hospitali moja ya Pennsylvania, alionekana akificha bomba la sindano lenye fentanyl, dawa kali ya maumivu inayolevya, kwenye suruali yake. Akaondolewa kazini. Polisi hawakuitwa. Mwaka 2010, Arizona, alikutwa chooni hajitambui, na bomba lenye lebo ya fentanyl liko majini ndani ya choo. Akaondolewa tena, akapata kazi tena. Mwaka 2011 akaajiriwa New Hampshire.

Sasa sikilizeni alivyofanya, maana hapa ndipo watu wanaposema "aliiba dawa tu". Dawa imeshavutwa kwenye bomba, imewekwa kando ya mgonjwa. Anaichukua, anajidunga, anajaza bomba lilelile maji ya chumvi, analirudisha mahali pake. Mgonjwa anachomwa maji ya chumvi, anabaki na maumivu yake, na juu ya maumivu anapata virusi vya homa ya ini aina C alivyokuwa navyo fundi huyo. Wagonjwa wasiopungua 45 waliambukizwa katika majimbo zaidi ya moja. Maelfu waliitwa kupimwa damu. Desemba 2013 akahukumiwa kifungo cha miaka 39.

Kila anayesikia hukumu hiyo anasema haki imetendeka. Mimi nauliza habari za 2008. Hospitali iliyomwondoa ilikuwa imeshalimaliza tatizo lake, ikampa mwajiri anayefuata tatizo hilohilo bila barua ya maelezo.

Najua mtakachosema: "Hatukuwa na uhakika, angetushitaki." Nani amekuomba uhakika? Kanuni ya Marekani inakutaka useme kilichopotea, haikutaki uhukumu. Ukigundua wizi, au upotevu mkubwa wa dawa zinazodhibitiwa, unaiarifu DEA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa hizo, kwa maandishi ndani ya siku moja ya kazi. Halafu unajaza Fomu 106, ya kuripoti wizi au upotevu, na tangu 2023 unaijaza kwa njia ya mtandao ndani ya siku 45 tangu ugunduzi. Siku moja ni ya taarifa, siku 45 ni za kukamilisha hesabu. Wapo wanaosubiri hesabu ikamilike ndipo watoe taarifa, hao wameshachelewa.

Na neno "mkubwa" limegeuzwa kichaka cha kujifichia. Linahusu upotevu, halihusu wizi. Kidonge kimoja kikiibwa kimeibwa. Hata kwenye upotevu, huangalii idadi peke yake: unaangalia ni dawa gani, ukubwa wa shughuli zako, kama upotevu unajirudia, na kama unamzunguka mtu yuleyule. Ampuli, kile kichupa cha dawa ya sindano, ikivunjika sakafuni na dawa isiokoteke, hiyo si Fomu 106: inaandikwa kwenye kumbukumbu za hesabu ya dawa, na mashahidi wawili wanatia sahihi. Watu wanayachanganya haya kila wiki.

Tuje wodini. Ampuli ya fentanyl ya mililita 2 ina mikrogramu 100. Daktari ameandika 50. Mililita 1 inabaki, na hiyo mililita 1 ndiyo mlango wa mwizi. Shahidi, mfanyakazi mwenzako, anatakiwa aone ampuli, aone kiasi kilichovutwa, aone mabaki yakimwagwa, ndipo aingize namba yake ya siri. Kinachotokea kweli? Shahidi anapita na sahani ya vifaa, anaitwa, "Nisaidie sahihi hapa," anabonyeza, anaendelea na safari. Hakushuhudia kitu. Kilichomwagwa kinaweza kuwa maji ya bombani.

Kwa hiyo usiishie kwenye sahihi. Chukua kumbukumbu za kabati la dawa la kompyuta, lile linaloandika nani katoa dawa gani saa ngapi, ziweke kando ya kadi ya mgonjwa. Mgonjwa karuhusiwa saa tatu asubuhi, dawa yake imetolewa saa nne na robo: imekwenda wapi? Mabaki yamemwagwa masaa matano baada ya dawa kutoka: yalikuwa mfukoni mwa nani? Mgonjwa "amepewa" dozi kamili mara tatu na bado anasema maumivu ni 9 kwa 10, tena kwenye zamu ya mtu mmoja tu?

Hapa niwatetee wauguzi kidogo. Ripoti ya kompyuta inayomtaja fulani kuwa anatoa dawa nyingi kuliko wenzake haimfanyi mwizi. Huenda ndiye anayepewa wagonjwa wa majeraha ya moto. Mlinganishe na wenzake wa wodi hiyohiyo na zamu hiyohiyo, kisha usome kadi.

Shaka ikisimama, funga kwanza namba yake ya kabati, ndipo umwite. Bomba linaloshukiwa usilimwage. Lifunge, liandike saa, lipelekwe kupimwa. Na usimwache mtu huyo peke yake wala kumfukuza aende nyumbani akiendesha gari. Ni mgonjwa pia, na saa zinazofuata kukamatwa ni za hatari kwake: anaweza kuzidisha dozi, anaweza kujiua.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka: bodi ya leseni iarifiwe, hata kama ameshajiuzulu, hasa kama ameshajiuzulu. Dawa ikiwa ya sindano, idara ya afya ijulishwe mapema ili iamuliwe wagonjwa gani wapimwe. Na wewe mfanyakazi wa kawaida, usiseme ni kazi ya wakubwa: kanuni za DEA zinakutaka umwarifu afisa wa usalama wa mwajiri ukijua mwenzako anachepusha dawa, na zinamtaka mwajiri alinde siri yako. Ukinyamaza, ukimya wako utahesabiwa siku wanapoamua kama uendelee kufanya kazi penye dawa hizo.

La wafamasia na masanduku ya mabaki nilikuwa nimeliandaa kurasa nne. Tutalifikia kwenye maswali, kama yupo atakayeliuliza.