Sheikh Al-Amin Mazrui na Herufi Iliyosomeka Namna Tatu

Ndugu zangu, tukimtaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, tunaanzia 1937, alipokuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Nimelipinga jambo hili mara nyingi na leo nalipinga tena. Kazi yake nzito aliifanya kwa kalamu na wino, kabla ya cheo.

Mtoto wa Mombasa aliyehitimu chuoni, yaani shule ya Kurani, alizijua herufi za Kiarabu, lakini herufi hizo hazikuundwa kwa sauti zetu. Kiarabu hakina p, v wala ch, na irabu zake ni tatu, zetu tano. Wazee wetu wakaifanya be moja, herufi ya sauti b, ibebe b, p na mb, na kasra moja, alama ya irabu iwekwayo chini ya herufi, ibebe i na e. Haya, andika "bibi" kwa mtindo huo: mwenzako anaweza kusoma bibi, akasoma pipi, akasoma pembe. Andika "kuku", naye atasoma koko, kwa kuwa u na o zina dhuma moja, alama ya irabu iwekwayo juu ya herufi.

Mtasema, mbona tenzi zilisomwa karne kwa karne? Utenzi una vina na mizani, na wengi walikuwa wameuhifadhi. Jicho likikwama, sikio lilikumbuka. Makala ya gazeti haina kina cha kukuokoa. Msomaji anakutana na hoja asiyowahi kuisikia, na akikosea neno moja hoja imepotea. Ndipo Sheikh akazipa herufi nukta na alama: p ikapata nukta tatu chini, e ikatengwa na i, o ikatengwa na u.

Na hati za Kizungu, yaani herufi za a, b, ch, je? Zilifundishwa shule za misheni na za serikali, na wazazi wengi waliogopa wanao watabadilishwa dini huko. Sheikh alitaka kusema na mvuvi na mwenye duka wa siku ile ile, si na wajukuu wao.

Kwa hiyo 1930 likatoka gazeti lake *Sahifa*, na 1932 la pili, *Al-Islah*, hili kwa Kiswahili na Kiarabu. Katika magazeti hayo alitaka wasichana wasomeshwe, elimu ya kisasa isiachiwe wengine, na israfu ya harusi na matanga ikomeshwe. Kila moja ina mhadhara wake, na muda unanikimbiza. Madrasa yake ya Al-Ghazali nayo naiacha. Alifariki 1947, na kalamu ikashikwa na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui.

Sasa nipeni ubao. Nitaandika "pembe" kwa namna zote mbili, na aliye nyuma kabisa ndiye atakayesoma.