Sikoseli haitoki upande mmoja

Jamani nianze na hili, maana kila nikisimama mbele za watu nalirudia na bado halijaingia: mtoto hapati sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa mama peke yake. Kuna dada alikuja kliniki huku kwetu Mwanza, mtoto wake wa kwanza anaumwa, mama mkwe anasema ukoo wenu ndio umetuletea haya, na mume yupo hapohapo kanyamaza. Tukawapima wote wawili, wote AS, yaani wazima kabisa hawajawahi kulazwa lakini kila mmoja kabeba urithi wa sikoseli. Nikawatolea gololi. Baba ana mbili mfukoni, nyeupe na nyekundu, nyekundu ndiyo ya sikoseli, mama hivyohivyo, kila mimba kila mtu anachomoa moja bila kuangalia. Zikitoka nyekundu mbili, na hiyo ni mara 1 kati ya 4, mtoto anaumwa, ikitoka moja ni mbebaji kama wazazi wake. Yule dada akashusha pumzi, akasema basi sisi ya kwetu imeshapita, watatu wanaofuata ni salama. Hapana! Gololi inarudi mfukoni! Mimba ya pili mnaanza upya, ni 1 kati ya 4 ileile. Wakarudi baada ya miaka miwili na mtoto wa pili, naye SS, yaani nyekundu mbili, anaumwa, na siku ile nililia, sioni aibu kuwaambia.

Najua kuna anayejiuliza, mbona wenzetu wa milimani kwenye baridi hawana sana, au ziwa letu lina laana? Laana hakuna, ni mbu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima watu damu huko Kenya mwaka 1949, akakuta Pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji wanapita 1 kati ya 5, nyanda za juu hata 1 kati ya 100 hawafiki. Penye malaria nyingi mtoto AS haondoki kirahisi na malaria kali, anakua, anazaa, anarithisha. Lakini msichanganye, huyo ni AS! Mwenye SS malaria ikimpata inammaliza, kwa hiyo neti na dawa za kinga asikose, msimnyime eti ana kinga ya kuzaliwa.

Ya Oman na India nayaruka muda umebana, ila na huko ipo, na malaria ilikuwepo, msiuite ugonjwa wa weusi.

Haya, meza ile ya dirishani nesi anachukua damu. Njooni wawiliwawili, na wewe baba, usimtume mkeo.