Soma namba ya seriali ya MacBook kabla hujatoa pesa

Karibuni. Mezani nina MacBook ya mtumba, na leo tunaiuliza yenyewe imeundwa wapi na lini.

Bofya alama ya tufaha juu kushoto, chagua mstari wa kwanza kabisa. Namba ya seriali hiyo hapo. Sasa igeuze mashine, washa tochi ya simu, usome maandishi madogo ya chini. Namba mbili zilingane. Zikitofautiana, huenda mfuniko umetoka kwenye mashine nyingine au bodi ilibadilishwa, na muuzaji ana la kueleza.

Hesabu herufi na tarakimu. Zikiwa 10 tu usijisumbue, maana mwaka 2021 Apple walianza kutoa namba zisizo na mpangilio. Zikiwa 12, twende.

Tatu za mwanzo ni kiwanda. C02 ni Quanta, China. Hiyo utakutana nayo sana. Katikati ni sifuri, Apple hawatumii herufi O. F5K utaiona kwenye Mac Pro za 2013 zilizoundwa Austin, Texas.

Ya nne ni nusu mwaka. Kila mwaka una herufi mbili: ya kwanza ni nusu ya kwanza, ya pili ni nusu ya pili. Simamisha video uandike: C na D ni 2010, F na G 2011, H na J 2012, K na L 2013, M na N 2014, P na Q 2015, R na S 2016, T na V 2017, W na X 2018, Y na Z 2019. Mwaka 2020 zikarudi C na D, ila mashine ya 2010 na ya 2020 utazitofautisha kwa macho tu.

Ya tano ni wiki. 1 hadi 9 zisome zilivyo, kisha C ni 10, D 11, F 12, G 13, hivyo hivyo hadi Y, 27, ukiruka A, B, E, I, O, S, U na Z. Nusu ya pili ya mwaka, ongeza 26.

Yangu inaanza C02NG. N, nusu ya pili ya 2014. G ni 13, jumlisha 26, wiki ya 39: mwishoni mwa Septemba.

Sasa mtego. MacBook Air toleo la 2017 iliuzwa hadi 2019. Utaonyeshwa X kwenye nafasi ya nne, uambiwe, "Hii ya 2018, bosi." Kuundwa, kweli 2018, lakini toleo hilo linaishia macOS Monterey, mfumo endeshi wa zamani zaidi, wakati Air ya 2018 inafika Sonoma, mfumo wa baadaye. Mwaka wa toleo umeandikwa kwenye dirisha lile lile la seriali. Bei mpatane kwa huo.