Usihamishie kila swichi kwenye kioo

Haya jamani tuanze, walioko nyuma sogeeni mbele kidogo, na wewe unayeniuliza kwa ishara kama leo nitagusia miwani ya VR, ndio, mwishoni, tukifika. Wengi hapa mmeshanisikia nikilalamika kuhusu hii kitu na leo nalalamika tena, kwa sababu bado kila mara mtu ananitumia picha ya kokpiti yake mpya ya nyumbani ya skrini ya kugusa, monita nzima imejaa swichi, mia na ushee, vitaa vinawaka, inapendeza kweli, alafu baada ya mwezi namuuliza vipi mkuu, bado unarukia ile? Kimya. Baadaye anakiri kwamba monita sa hivi anaangalizia video.

DCS ni nini sitaeleza sana, ni gemu la kurusha ndege za kivita kwenye kompyuta, Helios mnaijua, na kama huijui basi jua tu kwamba ni programu ya bure ya kuchora swichi na mita kwenye monita ya pili na kuziunganisha na ndege iliyo ndani ya gemu. Mimi leo sina shida na programu. Shida yangu ni kidole.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kokpiti yangu ya kwanza ya F/A-18C, yaani Hornet, ndege ya kivita inayotua melini, niliijenga kwa pupa, nikachukua upande wote wa kushoto wa dashibodi nikaubandika kwenye kioo kama ulivyo kwenye ndege halisi, mkono wa magurudumu, flapsi, yaani vile vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, na juu pale kile kitufe chenye mistari ya njano na nyeusi cha kudondosha mizigo kwa dharura. Nikasema sasa hii ndio ndege. Siku hiyo nimetoka kurusha, sijatumia hata bomu moja, matangi ya mafuta bado yananing'inia, narudi melini, usiku, mwenzangu yuko nyuma yangu kidogo tunaongea kwenye maiki. Nimeweka macho kwenye zile taa za meli kwa sababu ukitoa macho pale umeisha, nikapeleka mkono wa kushoto chini kushusha magurudumu. Nikabonyeza. Sikusikia magurudumu, nikasikia tu ndege imekuwa nyepesi ghafla, imepanda juu kidogo kama gari lililoshusha abiria. Mwenzangu akaniuliza kwa upole kabisa, kaka, hayo yanayoanguka ni yako?

Mabomu yote, tangi zote, baharini.

Sasa kwenye ndege halisi rubani anaweza kukosea vile? Anaweza, lakini walishahangaika na hilo jambo zamani sana, na hapa ndio huwa nashangaa watu wa simuleta tunavyorudia kosa ambalo lilishatibiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za mabomu za B-17 walikuwa wanatua salama kabisa, ndege iko chini inatembea kwenye njia, alafu wanakunja magurudumu. Ndege inalala tumbo. Marubani wazoefu, sio wanafunzi. Akaja mwanasaikolojia mmoja wa jeshi la Marekani, Alphonse Chapanis, akakaa kwenye kokpiti akaangalia, akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya flapsi ziko jirani na zinafanana kama mapacha. Mtu amechoka, macho yako nje, mkono unashika ya kwanza unayoikuta. Dawa yake haikuwa semina wala onyo, alibandika kigurudumu cha mpira kwenye swichi ya magurudumu na kipande chenye umbo la bawa kwenye ile ya flapsi, basi. Mkono ukijua, macho yanabaki nje. Ndio maana hadi leo mkono wa magurudumu kwenye ndege una kichwa cha mviringo kama tairi, sio urembo ule.

Alafu sisi tunachukua swichi hizo zote, zenye maumbo, zenye vifuniko, nyingine mpaka uivute ndio igeuke, tunazilaza kwenye kioo kimoja laini kama sahani, tunasema ni uhalisia. Uhalisia wa picha labda. Kwa kidole swichi zote pale ni swichi moja.

Najua, najua, kuna mtu ameshafungua mdomo aseme ndege ya kivita ya F-35 ina skrini kubwa ya kugusa. Ndio inayo, inchi 20 kwa 8 hivi, na rubani wake bado ana joistiki na throtli, ule mkono wa nguvu ya injini, zilizojaa vitufe, na kofia inayomwonyesha mambo mbele ya macho. Kioo wamempa kwa vitu vya kutazama na kupanga, vya kupigania vimebaki mkononi. Hukuona hiyo sehemu kwenye picha. Na kama mifano ya ndege haikutoshi nenda baharini, 2017 meli ya kivita ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 walikufa, na uchunguzi ulikuta usukani na throtli za skrini ya kugusa zimewachanganya watu pale kwenye chumba cha kuongozea meli. Sababu zilikuwa nyingi, mafunzo na uchovu pia, sisemi ni kioo peke yake, lakini 2019 jeshi la majini lilitangaza linarudisha throtli za kushika kwa mkono. Wao wana hela zote zile na wamerudi kwenye mkono wa chuma, wewe na mimi ni nani.

Kwa hiyo mnanisikia sana nikisema kioo kibaya, alafu mnakuja kwangu mnakuta nina skrini mbili za kugusa. Sio unafiki. Kioo ni kizuri mno kwa kitu ambacho lazima ukitazame ndio ukibonyeze. MFD, yaani zile skrini za ndani ya kokpiti zenye vitufe pembeni, huwezi kubonyeza kitufe chake bila kusoma kwanza maandishi yaliyo karibu nacho, kwa hiyo macho yameshashuka tayari, kidole kifuate tu. Kibodi ya namba ya redio, vivyo hivyo. Taa, umeme, kuwasha injini, mambo ya chini ambayo unafanya umekaa tuli, weka kwenye kioo bila wasiwasi. Lakini magurudumu, flapsi, breki ya hewa, kufungua silaha, mishumaa ya kukwepa makombora, hivyo vikae kwenye throtli, joistiki, au hata kiboksi cha swichi nne za chuma ulizochomelea mwenyewe vibaya vibaya.

Unajuaje kipi ni kipi? Chukua karatasi. Sio programu, karatasi. Ruka mara kumi kama kawaida yako na kipanya na kibodi, kila ukigusa swichi weka alama, na alama iwe ya aina mbili, niliitazama au sikuitazama. Watu wanakataa kufanya hii kwa sababu haina raha kama kuchora. Mimi nilipofanya kwa A-10C, ndege nyingine ya kivita, niligundua kati ya swichi zote nilizochora kwa wiki tatu, nilikuwa nazigusa chini ya ishirini baada ya kupaa. Zilizobaki ni mapambo.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe, na muda umekwenda.

Ukubwa. Monita ya inchi 15.6 ina upana wa sentimita 34 na nusu, na kama ni pikseli 1920 basi kila milimita ni pikseli tano na nusu. Kitufe ambacho kidole hakikosi ndege ikitikisika, mimi nasema milimita 15, hiyo ni pikseli kama 83. Sasa piga hesabu. MFD za Hornet halisi ni kama inchi 5 kwa 5, ukizichora kwa saizi yake ni pikseli 700 kila moja, ongeza fremu ya vitufe pikseli 83 kila upande, mbili zimekula kioo chote, katikati pamebaki sentimita tatu na ile kibodi ya namba haiingii. Kwa hiyo nimepunguza picha hadi 600, katikati nikapata sentimita 7, namba zikaenea. Wengine wanachora kwanza alafu wanapunguza kila kitu mpaka vitufe vinakuwa kama punje za mchele, alafu wanalaumu skrini. Na kama una zile fremu za MFD za Thrustmaster zenye vitufe 20 vya kweli kuzunguka, zilaze juu ya kioo, hapo umepata picha na mguso kwa pamoja na mimi nanyamaza.

Sasa kitu ambacho naulizwa kila siku ya Mungu. Picha ya rada na ramani kwenye MFD haichorwi na Helios. Inachorwa na gemu lenyewe. Helios inachora fremu na vitufe, katikati inaacha tundu, na wewe unaliambia gemu lichore picha yake hasa pale kwenye tundu. Mtu anahangaika siku mbili ndani ya Helios anatafuta rada iko wapi, haipo, haikuwahi kuwepo. Ile sehemu inaandikwa kwenye faili la mpangilio wa monita, lililoandikwa kwa lugha ya programu ya Lua, na hesabu inaanzia kona ya juu kushoto, y inaongezeka ukishuka chini, sio kama ya darasani. Monita kubwa 1920 kwa 1080 juu, ya kugusa saizi hiyo hiyo chini yake, basi LEFT_MFCD, yaani picha ya MFD ya kushoto, inaanza x 83, y 1163, upana 600 urefu 600. Ya kulia x 1237, y ile ile. Na kwenye gemu azimio, yaani idadi ya pikseli, unaandika la monita zote kwa pamoja, 1920 kwa 2160, na fulskrini unazima. Ukiona skrini ya pili nyeusi, tisa kwa kumi umesahau hapo.

Ukiwa na monita mbili za saizi tofauti gemu linachukua mstatili unaozifunika zote. Ya juu 2560 kwa 1440, ya chini 1920 kwa 1080, unapata turubai la 2560 kwa 2520, pikseli milioni 6.45 badala ya 3.7 za ile ya juu peke yake, na kipande cha pembeni hakionekani popote. Kadi ya michoro haijui kwamba hakionekani.

Mguso. Umegusa monita ya chini, kishale kinaruka kwenye ya juu. Usiite fundi, usirudishe skrini dukani, skrini haina kosa, Windows haijui mguso ni wa monita ipi. Ingia Control Panel, Tablet PC Settings, bonyeza Setup, maandishi yatatokea kwenye monita moja, kama sio ya kugusa bonyeza Enter yahamie nyingine, yakifika kwenye ya kugusa yaguse. Dakika moja. Na hakikisha kebo ya USB umechomeka, sio ya picha peke yake, msicheke, mmoja wenu anajijua.

Alafu zima ile kubonyeza na kushikilia, iko kwenye Pen and Touch. Ikiwa imewashwa, ukigusa kitufe Windows inasubiri kwanza ione kama unataka kubofya kulia, kwa hiyo swichi inaitika umeshatoa kidole, na vile vitufe vya kushikilia havishikiki kabisa. Watu wanasema Helios nzito. Helios haina hatia hapo.

Kingine, jaza monita yote ya kugusa rangi ya nyuma ndani ya Helios. Ukiacha uwazi, kidole kitagusa desktopu, Windows itaona umetoka kwenye gemu, kibodi inakufa ghafla na wewe uko katikati ya pambano unashangaa.

Muda... nimebakiza dakika mbili? Sawa. Mkao, ilaze chini karibu na goti, iinamishe, isiwe wima mbele ya uso maana mkono utachoka nusu saa tu, na bandika ukingo wa kushikia kidole gumba. Eksporti, yaani gemu kutoa taarifa zake kwa programu nyingine, kabla ya kusakinisha chochote nakili folda ya Scripts iliyo ndani ya Saved Games, programu mbili zikigombania Export.lua, faili la eksporti lililo humo, utalia. Faili la monita liweke Saved Games pia, ukiliweka kwenye folda ya gemu apdeti italifagia. Picha za RWR, kile kifaa cha kuonya rada ya adui, na vitu kama hivyo kwenye ndege nyingine zinahitaji kubadilisha mafaili ya gemu lenyewe, na seva zingine zitakufungia mlango kwa sababu hiyo, kwa hiyo uliza kwanza. Wa Falcon BMS, lile gemu lingine la ndege, nyinyi njia zenu za kutoa picha ni nyingine, ila kidole ni kile kile.

VR, samahani ndugu yangu, haikufika. Kwa kifupi umevaa miwani, kioo hukioni, sasa unagusa nini? Tutaongea nje.

Meza ya mbele nimewasha Hornet, iko hewani tayari, njooni wawili wawili mjaribu. Magurudumu msiyatafute kwenye kioo, yako kwenye throtli, ile swichi niliyoifunga kipira cha kifuniko cha chupa.